Kilomita 150, stripu 50: uchambuzi wa kisa cha msafara wa baiskeli kwa ajili ya watoto wenye kisukari

Majina ya watu, klabu, hospitali, kampuni na nyumba za wageni yameondolewa. Umri wa watoto umebadilishwa kidogo, na viwango vya fedha vimekadiriwa bila kuvuruga uwiano wake. Niliingia katika kisa hiki baada ya msafara kwisha, nilipoombwa kuandaa tathmini. Ninayoyaeleza yametoka kwenye daftari la kliniki, vitabu vya mweka hazina na mazungumzo na waliohusika.

Watoto na kliniki yao

Kisukari aina ya kwanza hakiletwi na kula sukari nyingi. Kinga ya mwili hugeuka ikashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na mtoto akishaishiwa insulini yake mwenyewe hana budi kuchoma ya kutoka nje kila siku, maisha yake yote. Kabla ya Januari 1922, mvulana wa miaka 14 alipochomwa insulini kwa mara ya kwanza mjini Toronto, mtoto aliyeupata ugonjwa huu alihesabiwa miezi tu.

Kliniki ya kisa hiki iko katika hospitali moja ya mkoa mashariki mwa Tanzania. Ilikuwa na watoto na vijana wapatao 60. Wengi walifika kwa njia ndefu ileile: mtoto anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa usiku kucha, anakonda, anatibiwa malaria, kisha taifodi, jirani mmoja anasema karogwa, halafu siku moja anafikishwa hospitali akihema kwa nguvu, hajitambui, asidi imejaa kwenye damu.

Insulini waliipata bure. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazofikiwa na programu ya Changing Diabetes in Children, iliyoanza mwaka 2009, na chupa za kliniki hii zilikuja kwa njia hiyo. Msomaji alishike hili, kwa sababu wanakamati kadhaa wa msafara hawakulijua hadi walipokaribia kufunga safari, na bango lao la kwanza liliomba watu wachangie "insulini ya watoto".

Upungufu ulikuwa kwingine. Mtoto wa kilo 30 anayehitaji takriban yuniti 24 kwa siku anatosheka na chupa moja ya mililita 10, yaani yuniti 1,000, kwa mwezi, na kiasi kidogo kinabaki. Lakini ili ajue achome yuniti ngapi, lazima apime sukari kwa mashine, na kila kipimo kinatumia stripu moja, kile kikaratasi cha kuwekea tone la damu. Akipima mara tatu tu kwa siku, ambacho ni kiwango cha chini, anahitaji stripu 90 kwa mwezi, karibu 1,100 kwa mwaka. Kliniki iliweza kumpa sanduku moja la stripu 50, mwezi ambao mzigo umefika. Kwa hiyo mtoto alikuwa na dawa kamili lakini nusu ya muda alichoma kwa kukisia. Tatizo la pili lilikuwa nauli. Daftari la sista wa kliniki lilionyesha waziwazi kwamba waliokosa kliniki miezi miwili mfululizo karibu wote walitoka vijiji vya mbali.

Kamati kama ya harusi

Wazo lilitoka kwa mwanachama wa klabu ya baiskeli ya Dar es Salaam, watu wa kutoka Jumamosi alfajiri kuelekea Bagamoyo na kurudi kabla jua halijakolea. Binti yake wa miaka tisa alikuwa ametoka kulazwa kwa ugonjwa huu. Akapendekeza msafara, wenzake wakakubali siku hiyohiyo.

Kamati iliundwa kwa mtindo tunaoujua sote: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kikundi cha WhatsApp, orodha ya ahadi inayopandishwa kila jioni pamoja na majina ya waliolipa, waliopunguza deni na wanaoendelea kukumbushwa. Mtindo huu una nguvu zake. Watu wanajua la kufanya bila kufundishwa. Ila una tabia moja ya harusi: kila kitu kinaelekezwa kwenye siku yenyewe, na baada ya siku hiyo kamati inavunjwa.

Sista wa kliniki aliitwa kwenye kikao cha nne. Kufikia hapo bango la pili lilikuwa limeshachapwa, lenye maneno "Kila mtoto na mashine yake", yaani mashine ya kupimia sukari.

Tarehe na njia

Wafadhili walitaka Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, ambayo ni siku ya kuzaliwa ya Frederick Banting, mmoja wa wavumbuzi wa insulini. Waendeshaji wenye uzoefu walikataa. Novemba ni joto la kuchosha na mvua za vuli. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro hubeba malori ya Zambia na Kongo mchana na usiku, na ikiloa, mwendesha baiskeli anayesukumwa pembeni hana pa kukimbilia. Kamati ikachagua Julai. Mfadhili mmoja akajitoa. Hakuna uamuzi mwingine wa kamati hii ninaoutetea bila kusita kama huu.

Njia nayo ilifupishwa. Badala ya kuanzia katikati ya jiji, walianzia Kibaha saa kumi na mbili asubuhi, wakalala Chalinze, siku ya pili wakamalizia Morogoro. Jumla ni takriban kilomita 150, na hilo likawa msingi wa ahadi: shilingi 1,000 kwa kila kilomita, yaani 150,000 kwa mwahidi mmoja. Hesabu nyepesi ya namna hiyo ilisaidia sana. Wapo waliosema wazi kwamba wasingetoa 150,000 kwa ombi la kawaida, lakini elfu moja kwa kilomita iliwaingia akilini.

Kijana aliyetaka kuendesha

Miongoni mwa watoto wa kliniki alikuwepo kijana wa miaka 17, mwenye kisukari tangu akiwa darasa la tano, ambaye kila asubuhi alisambaza maziwa kwa baiskeli kabla ya kwenda shule. Aliposikia habari za msafara alimwambia sista, "Mimi naendesha kuliko hao wazee." Kamati iligawanyika. Katibu aliogopa aibu ya mtoto kuanguka mbele ya kamera. Mwenyekiti aliona hadithi nzuri. Daktari wa kliniki, ambaye aliangalia mgonjwa wake tu, alisema anaweza, kwa masharti.

Masharti yaliandikwa kwenye karatasi moja. Apime kabla ya kupanda na kila kituo. Asianze ikiwa sukari iko chini ya milimoli 5 kwa lita. Ikizidi 14 na mkojo una ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini, asiguse baiskeli. Dozi ya asubuhi ipunguzwe. Achome tumboni badala ya paja, kwa sababu mguu unaopiga pedali husukuma insulini kwenye damu haraka kuliko kawaida. Abebe glukosi mfukoni. Chupa ya insulini isiachwe kwenye dashibodi ya gari la msaada, ikae kwenye mfuko uliofungwa kitambaa kilicholowa maji. Na awe na mwenza: mwendeshaji mmoja aliyefundishwa dalili zote, asiyemwacha hata mita mia.

Siku ya kwanza mpango ulikwenda kama ulivyoandikwa. Baada ya Mlandizi kijana alisema miguu imekuwa mizito na mikono inatetemeka. Mwenza akamsimamisha, wakapima: 3.6. Gramu 15 za glukosi, dakika 15 kivulini, wakapima tena: 5.8. Wakala ndizi, wakaendelea. Walifika Chalinze wakiwa wa katikati ya kundi, kijana akitaniwa na "wazee" wake kwamba alikuwa anawangoja.

Usiku wa Chalinze

Nyumba za wageni zilijaa, kundi likagawanywa sehemu tatu. Mweka hazina aligawa vyumba kwa kufuata orodha ya malipo. Kijana akapangiwa chumba na mwendeshaji mwingine, mwenza wake akapelekwa nyumba ya upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyeona tatizo. Walikula nyama na ugali, kijana akachoma dozi yake ya jioni kama kawaida yake, wakalala mapema.

Saa tisa usiku mwenziwe wa chumbani aliamshwa na maneno yasiyoeleweka. Kijana alikuwa ameloa jasho, anasukuma ukuta kwa mikono. Yule bwana alidhani ni ndoto, kisha malaria, akatoka kutafuta dawa ya homa. Mhudumu wa zamu, dada ambaye mama yake ana kisukari, alisimama mlangoni akatazama mara moja tu: "Hiyo si homa, kaka. Sukari imeshuka huyo. Lete soda, na isiwe ile isiyo na sukari." Kijana alikuwa bado anaweza kumeza. Walimnywesha taratibu, akarudi kwenye fahamu zake, daktari akaitwa kutoka nyumba ya tatu. Kipimo cha kwanza kilichochukuliwa, baada ya soda tayari, kilikuwa 3.1.

Asubuhi daktari alimzuia kupanda baiskeli. Mtu aliyepatwa na kushuka kukali kwa sukari hatakiwi kufanya mazoezi mazito ndani ya saa 24, maana mwili unakuwa umechoka kutoa onyo na kushuka kwa pili huja kimyakimya. Kijana alikasirika, akakaa gari la msaada bila kusema na mtu. Karibu na Morogoro mshereheshaji alipiga simu kuomba ashushwe aendeshe kilomita moja ya mwisho, watu wamejaa, wapiga picha wapo. Daktari akasema hapana, akakata simu. Mfadhili mmoja alilalamika baadaye kwamba "sura ya msafara" haikuonekana kwenye picha ya kumalizia.

Fedha zilivyohesabiwa

Jukwaani ilitangazwa milioni 48. Ndani yake zilikuwemo ahadi ambazo hazijalipwa, pamoja na thamani ya fulana na maji yaliyotolewa na wafadhili. Miezi miwili baadaye benki ilikuwa na milioni 29. Mafuta, gari la wagonjwa, posho za wasindikizaji, medali na malazi vilikula 9. Watoto wakabakiziwa 20.

Hakuna aliyeiba. Nimepitia stakabadhi zote, na mweka hazina huyu ni mtu wa kuandika hata shilingi mia tano ya vocha. Lakini wazazi walisikia 48 kwenye kipaza sauti, na sista ndiye aliyebaki akiulizwa kila siku ya kliniki, "Zile hela zingine ziko wapi?"

Kati ya hizo 20, milioni 14 zilinunua mashine 60 za kupimia sukari, kila moja na masanduku matatu ya stripu. Nne zilikwenda kwenye nauli. Mbili zilitumika kutembelea shule wanazosoma watoto hao.

Sista alipinga ununuzi wa mashine katika vikao viwili, na kumbukumbu zinaonyesha hivyo. Watoto wengi tayari walikuwa na mashine kutoka programu ileile ya insulini, na stripu za aina moja haziingii kwenye mashine ya aina nyingine. Mwenye duka alitoa bei nzuri kwa mashine, naye alikuwa na sababu: faida ya biashara hii iko kwenye stripu. Mwenyekiti alijibu kwamba bango limeahidi mashine, na wachangiaji watataka kuona mashine zikikabidhiwa. Hoja yake ilishinda kwa kura.

Kuna ofa nyingine waliyoikataa. Mtanzania mmoja anayeishi Uingereza alijitolea kuleta begi la stripu zilizobakiza miezi mitatu kabla ya kuisha muda. Daktari alikataa, akieleza kwamba miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa inataka bidhaa ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja, na kwamba kuingiza vifaa tiba kunapitia TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtoaji alinuna kidogo, kisha akatuma fedha.

Matokeo baada ya miezi minane

Masanduku matatu ni stripu 150, na kwa mtoto anayepima mara tatu kwa siku hizo ni siku 50. Wengine walizivuta hadi karibu miezi mitano kwa kupima mara moja kwa siku. Zilipokwisha, maduka ya dawa ya mjini hayakuwa na aina ile. Iliyokuwepo ilikuwa Dar es Salaam kwa bei ambayo mzazi anayeuza mboga hawezi. Nilipopita nyumbani kwa familia kadhaa, mashine mpya ilikuwa kabatini ndani ya pochi yake, na ile ya zamani ndiyo inayotumika, sanduku moja kwa mwezi kama mwanzo.

Nauli ilizaa matunda. Mwanzoni fedha ilitumwa kwa simu ya mzazi baada ya mtoto kuhudhuria, ili isitumike vingine. Miezi miwili ya kwanza haikubadilisha kitu, kwa sababu asiye na nauli ya kuja hawezi kuja ili alipwe nauli. Sista akaomba itumwe siku moja kabla. Mweka hazina alisita, wakajaribu, na karibu familia zote zilifika. Waliochukua fedha bila kuja walikuwa wachache mno, na mmoja wao alikuwa amefiwa. Daftari la kliniki linaonyesha watoto wa vijiji vya mbali wakirudi kuhudhuria kila mwezi kwa muda wote fedha hiyo ilipodumu.

Shuleni kazi ilikuwa ndogo na nafuu: muuguzi na mzazi mmoja wanakaa na walimu saa moja. Mtoto huyu aruhusiwe kula darasani akijisikia vibaya. Asizuiwe kwenda chooni. Akianza kutokwa jasho na kujibu ovyo, si utovu wa nidhamu. Glukosi iwekwe ofisi ya mwalimu wa zamu. Shule mbili zilieleza kwamba zimeshaitumia.

Kulikuwa na tukio moja lililouma. Bango la kwanza lilimwonyesha msichana wa darasa la saba akijichoma sindano tumboni. Mama yake alisaini kukubali. Yeye mwenyewe hakuulizwa. Bango lilipobandikwa karibu na stendi, wenzake shuleni wakampa jina, akaacha kuja kliniki miezi miwili kwa sababu kliniki ndiyo iliyompiga picha. Lilibanduliwa, lakini alirudi kwa shida.

Uchambuzi

Tukianza na mashine, kosa halikuwa uchoyo wala uzembe. Fedha iliyopatikana mara moja hutafuta kitu kinachonunuliwa mara moja: kinakabidhiwa, kinapigwa picha, hesabu inafungwa. Kisukari aina ya kwanza hakina kitu cha namna hiyo isipokuwa labda mafunzo. Kinachohitajika kinaisha na kununuliwa upya, mwezi baada ya mwezi. Kwa milioni zilezile 14 kamati ingeweza kununua stripu za mashine zilizopo, kuzigawa kidogokidogo kupitia kliniki, na kila mtoto angepima mara mbili au tatu kwa siku kwa muda mrefu zaidi. Isingekuwa na meza iliyojaa pochi mpya mbele ya mgeni rasmi. Kilichoifunga kamati mikono ni bango: liliahidi kabla ya mtu yeyote kumuuliza sista nini kinapungua. Mazungumzo ya nusu saa naye katika kikao cha kwanza yangebadilisha maneno ya bango, na maneno hayo yangebadilisha matumizi.

Ndiyo maana nauli ilifaulu. Ilitokana na daftari, ilijibu kikwazo kilichokuwa kimeshaandikwa, na ilipokosewa ilirekebishwa na mtu aliyekuwa anaiona kila wiki. Na ilikuwa fungu dogo ambalo hakuna aliyelitaka kwa picha, kwa hiyo wataalamu waliachiwa.

Kuhusu kijana, siungi mkono wanaosema hakupaswa kuendesha. Anapanda baiskeli kila siku ya maisha yake, na kumfungia nje ya msafara unaofanywa kwa jina lake kungekuwa fundisho baya kwa watoto wengine 59. Mpango wa mchana ulikuwa mzuri kiasi kwamba ulizuia hatari halisi pale Mlandizi. Lakini karatasi ile iliishia kwenye mstari wa kufika Chalinze. Baada ya saa nyingi za kuendesha, misuli huendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu ili kujaza akiba yake, na mwili huwa mwepesi kuitikia insulini kwa saa nyingi zinazofuata. Kushuka kwa usiku kunatarajiwa. Dozi ya jioni ilipaswa kupunguzwa, kipimo kifanyike kabla ya kulala na kingine usiku wa manane, na mwenza alale chumba kimoja naye. Daktari aliyajua yote haya. Aliyegawa vyumba hakuyajua, kwa kuwa karatasi ya masharti ilibaki mikononi mwa daktari na mwenza tu. Kijana aliokolewa na mhudumu ambaye angeweza kabisa kuwa si wa zamu usiku ule.

Kukataa kilomita ya mwisho ni uamuzi unaostahili kutajwa peke yake, kwa sababu daktari aliufanya dhidi ya matakwa ya kila aliyekuwepo, akiwemo mgonjwa. Uliwezekana kwa kuwa kamati ilikuwa imeandika mapema kwamba neno la daktari juu ya kijana halijadiliwi. Bila sentensi hiyo moja, nadhani simu ya mshereheshaji ingeshinda.

Tangazo la milioni 48 lilikuwa tatizo la desturi. Kwenye harusi, ahadi inatajwa kwa sauti ili imwajibishe mwahidi, na kila mtu anajua kwamba si fedha taslimu. Wazazi wa kliniki hawakuwa wanakamati. Walisikia tarakimu wakaiamini.

Mwaka uliofuata

Klabu imeendelea, na safari hii kamati haikuvunjwa. Ahadi sasa ni za kila mwezi kwa mwaka mzima, ndogo, na zinakwenda kununua stripu za aina inayotumika kliniki, zinazotolewa na sista kwa daftari. Jukwaani hutajwa kiasi kilichoingia benki hadi siku hiyo. Picha za watoto hazitumiki. Mabango yana waendeshaji peke yao. Mwenza na kijana wanalala chumba kimoja, na karatasi ya masharti ina kipengele cha saa nane usiku.

Mashine 60 bado hazijapatiwa ufumbuzi. Pendekezo la kuzipeleka kliniki ya watu wazima, ambao baadhi yao hununua stripu wenyewe Dar es Salaam, lilipingwa na wazazi watatu waliosema mashine ni mali ya watoto wao. Suala hilo limewekwa kwenye ajenda ya kikao kijacho, na safari hii sista ni mjumbe mwenye kura.